Uswisi 2024: sahihi zisizo sahihi

Mwaka 2024 Waswisi waliitwa kwenye kura za kitaifa Jumapili nne: 3 Machi, 9 Juni, 22 Septemba na 24 Novemba. Wengi hawakukanyaga kituoni. Wiki tatu hadi nne kabla, hutumiwa nyumbani bahasha yenye kadi ya mpiga kura, karatasi za kura na kijitabu cha maelezo. Unaandika "ndiyo" au "hapana" kwa mkono, unatia karatasi kwenye bahasha ndogo, unatia sahihi kwenye kadi, unarudisha. Kadi isiyo na sahihi huiharibu kura, na bahasha iliyopelekwa posta Ijumaa kwa stempu ya bei ya chini hufika baada ya matokeo kutangazwa.

Ndivyo asilimia 58.2 walivyoridhia tarehe 3 Machi pensheni ya mwezi wa 13 kwa wazee, yaani malipo moja ya ziada kila mwaka, ingawa serikali iliipinga. Ndivyo pia upanuzi wa barabara kuu ulivyokwama Novemba, kwa asilimia 52.7 ya kura za hapana. Utaratibu huu ni wa kuheshimiwa sana, na ndiyo maana yaliyotokea Agosti na Septemba yanauma.

Agosti, ofisi ya bima ya jamii ilikiri kwamba makadirio yake ya matumizi ya pensheni kwa mwaka 2033 yalizidi kwa takriban faranga bilioni 4. Fomula zilikuwa na kasoro. Walioshindwa kwenye kura ya mwaka 2022, wanawake walipopandishiwa umri wa kustaafu kutoka 64 hadi 65 kwa asilimia 50.5 tu, wakaenda mahakamani wakisema makadirio hayo yaliwapotosha wapiga kura. Desemba, Mahakama ya Shirikisho, ya juu kabisa nchini, ikakataa kufuta matokeo.

Septemba zikaibuka tuhuma za sahihi za kughushi, na hili ndilo zito zaidi. Raia wanaotaka kubadili katiba hukusanya sahihi 100,000 ndani ya miezi 18 ili pendekezo lao lipigiwe kura. Wanaopinga sheria, 50,000 ndani ya siku 100. Wapo wakusanyaji wanaolipwa kwa kila sahihi. Manispaa hulinganisha majina na daftari la wapiga kura, lakini mtu akinakili jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa ya kweli kutoka fomu ya zamani, karani atashtuka tu akiona mwandiko mmoja ukijirudia mstari baada ya mstari.

Kantoni (jimbo) ya Neuchâtel imekwisha kupiga marufuku malipo ya kila sahihi. Shirikisho, yaani serikali kuu, lifanye vivyo hivyo: anayeajiri wakusanyaji awalipe kwa saa. Na makadirio ya serikali yakaguliwe na wataalamu wa nje kabla kijitabu hakijaenda mtamboni.