Newala iliyopakwa bizari

Filamu fupi ya vijana wetu, waliyoipiga Newala, ilipooneshwa Shangani, mtaa wa hapa Mtwara, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, mzee aliyekaa mbele yangu alinyamaza mpaka mwisho. Kisha akawaambia: "Wajukuu zangu, Newala mmeipaka bizari." Na kweli. Barabara ilikuwa manjano, mikorosho manjano, anga manjano, hata kanga zilizoanikwa uani zilikuwa kama zimechovywa kwenye mchuzi. Vijana walijitetea kwamba wamegredi, yaani wamepanga rangi za picha kwenye kompyuta baada ya kupiga, ili mtazamaji aone joto na uchovu wa hadithi yenyewe. Mzee hakukubali. Tangu siku ile neno lake limezagaa hapa Mtwara, na sasa nawasikia hata wapigapicha wakongwe wakifungia nalo mjadala: kugredi ni uongo, picha iachwe kama kamera ilivyoiona.

Nusu ya kwanza ya lawama hiyo naikubali. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala chini kabisa. Mwezi wa saba, asubuhi, watu wanavaa masweta. Mvua zikishashika, kijani chake kinakaribia kuwa cheusi. Manjano ile haikutoka Newala. Ilitoka kwenye lati, kifurushi cha rangi zilizopangwa tayari, ambacho kijana alikipakua bure akakimwaga juu ya picha zake zote kwa mbofyo mmoja. Mazoea yenyewe ni ya Marekani: katika filamu ya Traffic ya mwaka 2000, sehemu za Mexico zilipewa manjano kavu na za Ohio zikapewa bluu ya baridi, na tangu hapo tumeona nchi nyingi zenye jua na umaskini zikipakwa manjano hiyohiyo. Mtoto wa Tandahimba anapoichukua rangi hiyo na kuitandaza juu ya nyumba ya mama yake, anamtazama mama kwa jicho la mgeni ambaye hajawahi kupikiwa uji pale. Hilo linaniuma.

Kuna pia woga wa mpingo bandia, nao una haki yake. Aliyewahi kununua vinyago anaujua mchezo: mti mweupe, mwepesi, unapakwa kiwi nyeusi ya viatu na kuuzwa kwa bei ya mpingo. Ukikwangua kidogo chini ya kitako, weupe unachungulia. Anayeiita gredi kiwi ya picha ameshaumwa na nyoka, simlaumu kwa kushtuka.

Ila kutoka hapo hadi kusema picha iachwe kama kamera ilivyoiona, mimi sifiki. Kamera inapima tu, na kipimo chake kimepangwa na mtu. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake kimezoeshwa kuichukulia dunia yote kuwa kijivu cha katikati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Sasa msimamishe bibi harusi mweusi, shela nyeupe, mbele ya ukuta wa chokaa pale Mikindani, saa saba mchana. Kipimo kinakutana na weupe mwingi, kinapunguza mwanga, ukuta unatulia, shela inatulia, na uso wa bibi harusi unazama. Hakuna aliyegredi hapo. Kamera imeachiwa ione inavyoona, na imemfuta mwenye sherehe.

Wakati wa mikanda ya filamu, kabla ya kamera za kidijitali, hali ilikuwa mbaya zaidi, na jambo hili hunirudia kichwani kila mara. Kodak, kampuni ya Marekani iliyotengeneza mikanda hiyo, ilikuwa ikizipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya kulinganishia rangi, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hiyo iliitwa Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa imenyooka. Ngozi nyingine zote zilitoka zitakavyotoka: ndiyo maana kwenye albamu za zamani unamkuta babu ni kanzu, meno na macho, basi. Mabadiliko yalianza kuja miaka ya 1970. Na waliolalamika mpaka wakasikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti, ambao walitaka chokoleti ya maziwa itofautiane na chokoleti nyeusi kwenye matangazo, pamoja na watengenezaji wa samani, waliotaka mbao zao nyeusi na za hudhurungi zijulikane moja na nyingine. Kabati lilipata haki yake ya rangi kabla ya babu. Mimi natoka kwenye mji unaojua mbao, unaojua kutofautisha moyo mweusi wa mpingo na ganda lake la weupe wa njano, na bado nikilifikiria hilo usingizi hukatika. Ng'ambo tu ya Ruvuma, Msumbiji, alialikwa Jean-Luc Godard, mwongozaji wa filamu kutoka Ufaransa, miaka hiyohiyo ya 1970, na mpaka leo husimuliwa kwamba aliukataa mkanda wa Kodak akisema una ubaguzi. Kwa hiyo mtu akiniambia rangi ya kamera ndiyo rangi ya kweli, namuuliza: ya kweli kwa nani?

Mwaka juzi nilikaa na kijana mmoja akihariri picha za mama anayebangua korosho kwa mkono. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Wabanguaji hujipaka majivu, na bado vidole vinabaki na weusi usiotoka kwa sabuni. Picha ilivyotoka kwenye kamera ilikuwa imepauka kama uji uliolala, kwa kuwa ilipigwa kwa mtindo wa kutunza mwanga wote ili upangwe baadaye. Vidole, maganda, majivu, vyote rangi moja. Kijana akaanza kwa kuinua mwanga. Mikono ikawa safi, laini, mikono ya mwanamwali. Akaitazama, akairudisha nyuma. Akashusha vivuli, akaongeza wekundu kidogo sana kwenye rangi za katikati, akapunguza bluu iliyoingia kutoka dirishani. Polepole weusi wa mafuta ukajitenga na weusi wa ngozi, maana ngozi ina damu chini yake na mafuta ya korosho hayana. Ukaona kucha. Ukaona kovu la kuungua kwenye kidole gumba. Ukajua kazi hii hakuianza jana. Picha ya kijivu, ile isiyoguswa, ilikuwa imeyaficha yote hayo.

Kazi hiyo ina kanuni zake. Programu za kugredi kama DaVinci Resolve zina duara la kupimia rangi, na ndani yake upo mstari wa kuongozea ngozi. Ngozi ya Mmakonde, ya Mhindi na ya Mzungu zote huangukia karibu na mstari huohuo mmoja. Kinachotofautiana zaidi ni mwanga na ukolezo. Anayegredi vizuri anaulinda mstari huo hata anapoibadilisha dunia iliyouzunguka. Ndivyo ilivyofanyika kwenye Moonlight, filamu ya Barry Jenkins ya mwaka 2016. Mhusika mmoja anaoneshwa utotoni, ujanani na utu uzimani, na kila kipindi kilipewa mwonekano wa mkanda wa aina yake, kwa hiyo rangi inakua pamoja naye. Badala ya poda ya kuzima mng'ao, ngozi za waigizaji zilipakwa mafuta ili mwanga uteleze juu yake. Mama zetu waliotupaka mafuta ya nazi kabla ya kwenda shule hawangehitaji kuelezwa sababu.

Kiswahili nacho hakijawahi kuwa na rangi moja ya mtu. Tuna mweusi tii, tuna maji ya kunde, na anayeyasema hayo anakuwa ameanza kukueleza mtu. Ndiyo maana nawapinga kwa nguvu ileile wanaompausha bibi harusi kwa sababu shangazi ameomba "atoke mweupe". Hiyo ni kiwi kweli, ila nyeupe, na simu nyingi zinaipaka zenyewe bila kuulizwa.

Mzee wa Shangani ningemkumbusha mapiko, ngoma ya barakoa ya Wamakonde. Barakoa ya lipiko huchongwa kwa mti mwepesi, ndugu wa ule wa mpingo bandia, kisha hupakwa rangi, hubandikwa nywele, na chale za usoni hutengenezwa kwa nta. Hakuna anayekwangua shingo ya lipiko kutafuta weupe. Rangi ile ipo ili ngoma inapolia umtambue aliyeingia uwanjani, kama ni mwanamke, ni mzee au ni Mzungu. Kiwi huficha mti, na rangi ya lipiko humleta mtu. Vijana wetu walishika kopo la kiwi wakidhani wameshika rangi ya lipiko, na kosa hilo linarekebishika.

Wameanza kulirekebisha. Lati wameitoa, na kila onyesho wamelipanga upya peke yake. Manjano wameibakiza sehemu moja tu, jikoni usiku, ambako koroboi inawaka na manjano ipo kweli. Wiki iliyopita tuliipeleka kompyuta nyumbani kwa yule mzee. Alitazama kimya kama mara ya kwanza, mpaka ilipofika njia ya asubuhi, yenye ukungu wa samawati na udongo mwekundu uliolowa. Akanyoosha mkono tuisimamishe.

"Hapo ni mwezi wa saba," akasema.

Hatukuwa tumemwambia.