Nanasi la Natchez
Najua mshaisikia habari yangu ya Natchez. Shoga yangu ameimwaga kwenye kundi letu la watu wa Mombasa tulioko Houston, na kwa maneno yake nilikuwa nalia. Sikulia. Sikizeni kwa aliyening'inia mwenyewe.

Nyumba ile ya wageni Natchez, Mississippi, ilijengwa kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe: nguzo nyeupe mbele, sakafu inalalamika hata ukipumua. Mchana tulikuwa Forks of the Road, palipokuwa soko la watumwa, pingu zimezamishwa kwenye saruji pale chini. Tulirudi hatuna neno. Nikasema leo nalala mapema.

Sasa kitanda. Kiko juu, kimewekewa vidato vya mbao vya kupandia. Shoga akashangaa, mimi nikajishaua: "Mwenzangu, bibi yangu Mji wa Kale alikuwa na samadari, haya niachie mimi." (Wa Lamu, nyamazeni, nawaona.) Nguzo za miguuni zimechongwa mananasi. Huko Kusini mwa Marekani nanasi ni alama ya kumkaribisha mgeni.

Usiku wa manane haja ikanishika. Giza totoro. Vidato viko kulia, mimi nikashukia kushoto, kule miguuni. Nikateleza taratibu, kwa heshima zangu, nikingojea sakafu. Sakafu haikuja. Nikahisi navutwa shingoni: dera limenasa kwenye nanasi.

Dera lenyewe la Marikiti, muuzaji aliniapia haliraruki. Mungu amlipe, hakusema uongo. Nikabaki nabembea, vidole vya miguu vinapapasa zulia bila kulipata, mikono imebanwa juu ndani ya kitambaa, na upepo wa feni unapita pasipopita upepo. (Nilichovaa ndani si kazi yenu.) Nikamwita shoga kwa kunong'ona. Anakoroma. Nikapaza sauti kidogo. Akaamka, akaona kitu kinaning'inia gizani, akapiga ukelele nadhani ulivuka mto Mississippi hadi Louisiana.

Mlango ukafunguka, taa ikawashwa. Mwenye nyumba, bibi wa kizungu mwenye mvi, na nyuma yake mume na mke wa chumba cha pili. Jamani, watu wa kule wana adabu ya kuua mtu. Hakuna aliyecheka. Bibi akanitazama mimi, akalitazama nanasi, akaniuliza kwa upole kama kuna chochote ninachohitaji.

Na mimi, kwa malezi niliyolelewa, nikajibu: "Hapana, ahsante."

Akaitikia kwa kichwa. Tukatazamana. Feni inazunguka.

Yule mke ndiye aliyeninasua. Mumewe alikuwa anausoma ukuta.

Asubuhi, chai ni meza moja, wageni wote. Hakuna aliyegusia. Wakaongea habari za mvua huku wakinipitishia ule uji wao mzito wa mahindi, bakuli likianzia kwangu kila mara, utadhani nimefiwa. Nikala, nikalipa, nikaaga.

Tukaenda Longwood, jumba la pembe nane lililoanza kujengwa 1860. Vita vilipozuka mafundi wakatupa zana wakarudi kwao Kaskazini, na kati ya vyumba 32 vikamalizika 9 tu, vya chini. Mtembeza wageni akatupandisha juu: matofali matupu, mbao tupu, hakuna kitanda hata cha dawa. Wenzangu walishuka. Mimi nilibaki kule mpaka shoga akatumwa kuniita.