Kufufua gari la zamani mwenyewe: faida ipo, ila usiitafute kwenye hela

Huu ubishi hapa Tanga hauishi. Pita gereji yoyote ya Ngamiani pakiwa na gari la zamani limefunguliwa boneti utausikia, hawa wanasema ni kuchoma hela kwenye chuma chakavu wakati Toyota IST ya Japani unawasha na kuondoka leo leo, wale wanasema hakuna raha kama kuendesha kitu ulichokifungua nati kwa nati ukakirudisha mwenyewe. Mimi niko na hawa wa pili, ila naona tunaitetea hii kitu kwa hoja mbovu ndo maana kila siku tunazidiwa.

Hoja mbovu kuliko zote ni ya hela. Wapo wanaosema ni uwekezaji, eti ukimaliza utauza mara mbili. Jamani hapana. Chukua Land Rover Series III, ile ndefu inayoitwa 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, ukiikuta imelala chini ya mwembe huko Muheza au Pongwe bei ya kununulia ni ndogo na hiyo bei ndogo ndo mtego wenyewe, maana hujagusa silinda za breki, hujagusa radiata, klachi, sili, beringi, mataili, nyaya zote panya wamezila. Spea unafuata Dar, au unapanda Arusha ambako Land Rover ni maisha ya watu mpaka Oktoba 2024 wakafanya tamasha la magari hayo tu, au unavuka Horohoro ukaangalie Mombasa, na kila safari ina nauli yake na kila duka lina spea feki yake. Ukijumlisha vizuri bila kujidanganya, ukaweka na jasho lako, hela hairudi. Kwenye hili wanaopinga wako sahihi kabisa na tukubali yaishe.

Alafu kuna chumvi. Mtu wa Dodoma au Singida anaweza kuacha gari nje miaka akalikuta na vumbi tu, sisi huku pwani upepo wa bahari haukuachi. Watu wanaipenda Land Rover za zamani kwa sababu bodi ni alumini, walianza nayo 1948 maana baada ya vita Uingereza chuma kilikuwa cha mgao, na ni kweli alumini haishiki kutu ile nyekundu. Ila chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, ni chuma, tena ni boksi lililofungwa, tope na unyevu vinaingia ndani vinakaa humo na kutu inaanzia ndani kuja nje, kwa hiyo ukiiona kwa nje ujue umechelewa siku nyingi. Na pale alumini inapogusana na chuma, unyevu wa chumvi ukiingia katikati, alumini yenyewe inaliwa, inageuka unga mweupe. Mafuta ya breki nayo yanavuta unyevu wa hewani, yakikaa muda mrefu silinda zinaoza kwa ndani na siku ukishuka mlima yakipata moto sana yanachemka na pedo inazama. Haya ndo yanayofanya magari mengi yaishie juu ya mawe nusu yamefunguliwa, na mwenye gari ana hasira na nyumbani wana hasira zaidi.

Sasa kwa nini bado nasema inafaa?

Kwa sababu unachopata ni kujua. Nikupe mfano mmoja mdogo. Injini ya petroli ya hiyo 109, ile ya lita 2.25, ndani ya distributa, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye silinda, kuna kontakti pointi, vyuma viwili vidogo vinafunguka na kufunga, na uwazi wake unatakiwa uwe kama milimita 0.35 mpaka 0.40. Unazungusha injini taratibu mpaka pointi zifunguke mwisho, unapitisha fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia uwazi, katikati, unalegeza skrubu kidogo, unasogeza, unabana, unapima tena kwa sababu ukibana inasogea. Fila inatakiwa ipite ikisuguana kidogo, isikwame na isipite hovyo. Uwazi ukiwa mdogo pointi zinaungua mapema, ukiwa mkubwa cheche inakuwa dhaifu na gari linakata ukikanyaga mafuta. Ukishafanya hivyo kwa mkono wako, siku gari limegoma njiani Segera hubaki umeshika kiuno unasubiri mtu, unajua uanzie wapi, unaangalia cheche kwanza, kama ipo unaenda kwenye mafuta. Na siku ukipeleka lile gari lako jingine la kila siku gereji ukaambiwa "bosi injini imekufa hii", una maswali ya kuuliza. Kwangu hiyo ni faida kubwa kuliko bei yoyote ya kuuzia.

Kuna wanaosema ukijitengenezea unamnyima fundi riziki. Hii nimeifikiria sana maana ni hoja ya utu, sio ya kupuuza. Ila ukiangalia kinachotokea kweli ni kinyume chake, mtu anayefufua gari ndo anayeenda kukaa na mafundi wazee. Vijana wengi gereji sasa wanaanza na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na hawana kosa, magari yanayoletwa ndo hayo. Kabureta, ile ya magari ya zamani inayochanganya mafuta na hewa bila kompyuta, anaijua mzee. Unafika, unampa shikamoo, unataka kufungua haraka haraka anakuzuia, "mwanangu, iwashe kwanza tuisikilize", anainamisha kichwa, anakwambia valvu ya silinda ya tatu imeachia sana, mnapima mnakuta kweli. Hayo masikio yakizikwa yamekwenda, hayapo kwenye mashine yoyote, na wanaomfanya ayatumie na kuyagawa ni hawa hawa wenye magari ya zamani. Na analipwa, tena kwa heshima.

Ila "mwenyewe" iwe na mpaka. Kuchomelea chesisi mpe anayejua, na breki fanya ila akague mtu mwingine kabla hujatoka barabarani, hapo kiburi kinaua watu wasiohusika. Na vumbi la breki za zamani usilipulize kwa kompresa, bitana (zile sehemu za breki zinazosugua) nyingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake linaharibu mapafu, lowanisha ufute. Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na madini ya risasi, usiipige msasa mkavu huku watoto wanacheza pembeni.

Nikipima pande zote mbili naona tofauti kati ya anayefurahia na anayejuta ni moja tu, je gari hilo Jumatatu linatakiwa likupeleke kazini? Kama ndiyo, acha, nunua IST yako, maana ukiwa na haraka utafunga spea yoyote, utamlaumu fundi, hutajifunza chochote na hela itaondoka vile vile. Kama unapanda daladala au baiskeli yako kama watu wengi hapa mjini na gari linaweza kukusubiri hata mwaka, na hela unayoweka sio ya ada wala ya kodi ya nyumba, basi anza.

Na ukienda kuangalia la kununua usianze na injini, injini inafufuka. Ingia chini na nyundo ndogo, gonga chesisi kuanzia nyuma, pale springi zinaposhika gonga zaidi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa au nyundo inazama kabisa. Ikizama sehemu nyingi mshukuru mwenye gari, muage, katafute lingine.