Pale kanda inapokwaruza

Kaseti ina pande mbili lakini kanda yake ni moja. Hilo nililijua tangu zamani, kwa mdomo. Kulijua kwa vitendo nililijua Idi pili, nyumbani kwetu Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mbele ya wageni na sinia la kashata.

Kaseti yenyewe ilikuwa ya dakika 60, ilitoka Maskati mkononi mwa msafiri. Upande A binamu yangu alinirekodia nyimbo za bendi ya Queen, ya kwanza Bohemian Rhapsody. Upande B Shangazi alimsomea Baba barua kwa sauti, maana begi la mtu huliombei nafasi ya kaseti mbili wakati moja inatosha. Dakika 20 za mwanzo zilikuwa salamu, jina baada ya jina, hadi majirani waliokwisha kuhama. Habari zenyewe zilifuata. Na kila Baba alipotuwekea barua ile, ikikaribia dakika ya 26 alibonyeza kitufe cha kupeleka mbele, akasema, "Hapa kanda inakwaruza." Nasi tukaamini.

Wiki moja kabla ya Idi, redio ikaila kaseti. Redio kula kaseti si uchawi. Kuna kijiti cha chuma kinachozunguka na kigurudumu cha mpira kinachokibana. Hivyo viwili ndivyo vinavyoisukuma kanda, sentimita 4.76 kila sekunde. Mbele yao kuna gurudumu la kuikusanya kanda, linalozungushwa na mkanda mwembamba wa mpira. Mkanda ule ukilegea, gurudumu linasita, huku kijiti na kigurudumu vinaendelea kusukuma. Kanda haina pa kwenda, basi inajizungusha kwenye kigurudumu kama uzi kwenye kibiringo. Dalili ya kwanza ni sauti kuyumba. Hapo unazima mara moja. Mimi niliongeza sauti, nikidhani betri zimechoka.

Ilipokatika ilikuwa kama dakika ya tatu na nusu, katikati ya kile kipande cha opera ambapo sauti zinapandana juu ya sauti. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, amesimulia kuwa studioni, mwaka 1975, kanda ile ilipitishwa kwenye mashine mara nyingi mno hata ikaanza kupenyeza mwanga. Ila wao walikuwa na mafundi. Mimi nilikuwa na wembe.

Nilikata upande wa pili wa fundo ili kuikomboa, nikabaki na kipande cha mita moja na robo, kimekunjamana kama karatasi ya peremende. Ukipiga hesabu ya mwendo ule, hizo ni sekunde 26.

Sasa, kuunga kanda kuna adabu zake. Kwanza fungua kaseti: skrubu tano, bisibisi ndogo, na uilaze juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu ndani kuna kipande cha sufi juu ya springi nyembamba kinachoikandamiza kanda kwenye hedi, yaani kile kichwa cha redio kinachosoma sauti, kikidondoka sakafuni umekwisha. Kanda iliyokunjamana inyooshe juu ya kioo kwa mgongo wa kijiko. Ncha zikate kwa mshazari, si wima, ili kiungo kipite kwenye hedi polepole bila kulia "tak". Wembe usiwe umewahi kukaa karibu na spika, ukishika sumaku utaacha mlio kila unapokata. Selotepu ibandikwe mgongoni, kamwe si uso unaogusa hedi, na uichonge iwe nyembamba kuliko kanda, ambayo upana wake haufiki hata milimita 4. Selotepu ya dukani inavuja gundi kwenye joto, lakini Unguja ya siku zile ungepata wapi nyingine?

Yote hayo niliyafanya. Kigurudumu nikakisugua kwa pamba na spiriti hadi pamba ikaacha kutoka nyeusi. Jambo moja tu sikufanya: sikutia alama ya kalamu kwenye ncha ya kwanza ya kile kipande. Kikawa mezani kimenyooka vizuri, Mama akaniita nikanunue mkate wa ufuta, niliporudi pangaboi lilikuwa limekihamisha. Nikakiokota, nikaangalia uso na mgongo, nikaona sawa, nikaunga.

Ukikosea uso, kosa unalisikia papo hapo: sauti inatoka kinyumenyume, nzito, kama mtu anasemea ndani ya mtungi. Ukikosea ncha, mambo ni mengine. Hedi husoma nusu moja ya upana wa kanda. Nusu ya pili ni ya upande wa pili, tena imerekodiwa kwenda kinyume. Kipande ukikigeuza ncha bila kugeuza uso, nusu zinabadilishana nafasi na mwelekeo unabadilika pia. Kwa hiyo kinasikika safi, wazi, mbele kwa mbele. Ila kinachosikika ni upande wa pili.

Viungo nilivijaribu kwa kuizungusha kaseti kwa kalamu ya BIC, vikapita. Kusikiliza sikusikiliza. Betri zilikuwa juani, nazianikia Idi.

Idi pili sebuleni kulikuwa na Baba, Ami, Mama na khalati zangu wawili, wanakunywa kahawa na kutafuna kashata za Mama. Ami akauliza Mzungu gani huyu anapiga kelele siku ya Idi. Nilikuwa nasubiri swali hilo. Nikamwambia, "Huyu si Mzungu, Ami. Kazaliwa hapa hapa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Kipasi. Ulaya ndiko alikojiita Freddie Mercury. Na wimbo huu una Bismillahi ndani yake."

"Bismillahi? Katika ngoma hizi?"

"Subiri, Ami. Inakuja sasa hivi."

Nikapandisha sauti hadi mwisho. Piano ikapita, gitaa la Brian May likapita, opera ikaanza, khalati wakaacha kutafuna ili wasikie. Kiungo cha kwanza kikalia "tk" ndogo, nikajisifu moyoni. Halafu Shangazi, kwa sauti ya nyumba nzima:

"...na hizo kashata za wifi, kaka, usimwambie, lakini nilisema Bismillahi, nikaing'ata moja, jino likabaki humo humo. Zilizobaki nimezitia mfukoni, mfuko nimeuweka uzuie mlango, maana upepo wa huku..."

"Tk." Freddie na wenzake wakarudi, wanagombana kwa Kitaliano kama hakuna kilichotokea.

Ami alikuwa na kipande cha kashata shavuni. Hakukitafuna, hakukitema. Khalati mkubwa akasema polepole, "Kweli, Bismillahi imo."

Mama alikuwa anamtazama Baba. "Kumbe," akasema, "hapo ndipo kanda inapokwaruza."

Baba akawa ghafla na hamu kubwa ya kujua kama kahawa imebaki kwenye dele.

"Rudisha nyuma," Mama akaniambia. "Hilo la mlango sikulisikia vizuri."

Nikasema kitufe cha kurudisha kinakula betri, bora nitumie kalamu. Karibu na mwanzo wa kaseti, sekunde 26 ni mizunguko isiyofika 10 ya kalamu, kazi ya pumzi mbili. Niliifanya kwa dakika tano, na Mama alisubiri.