Hewa ukaa 58: tuongeze ujazo wa pumzi au tuiache?

Mwanamke wa sentimita 158 ana ARDS (mapafu yaliyovimba na kujaa majimaji hadi oksijeni haipiti vizuri) na yuko kwenye mashine ya kupumulia. Kwa kimo hicho uzito wa kukokotolea ni kilo 50.6, kwa hiyo pumzi ya mililita 6 kwa kila kilo ni mililita 304. Majibu ya damu ya ateri yanarudi: hewa ukaa 58 (mmHg, iko juu), pH 7.27, yaani damu ina asidi. Wengi mkono unawatuma papo hapo kwenye kitufe cha ujazo, wapandishe hadi 400 ili namba ishuke. Hiyo ni karibu mililita 8 kwa kilo.

Wenye wasiwasi na hewa ukaa ya juu hawabahatishi. Mwaka 2017 Nin na wenzake walichambua wagonjwa 1,899, wakakuta waliofikisha hewa ukaa 50 au zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo walifia ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) zaidi, hata ukali wa ugonjwa ulipozingatiwa kwenye hesabu. Njia ya madhara nayo inajulikana: hewa ukaa hubana mishipa ya mapafu, na upande wa kulia wa moyo huelemewa. Mekontso Dessap (2016) aliukuta moyo wa namna hiyo kwa asilimia 22 ya wagonjwa 752, na hewa ukaa kuanzia 48 ilikuwa miongoni mwa vihatarishi vinne.

Ila tujiulize ni nani hasa anayefika 50. Ni yule ambaye sehemu kubwa ya pafu lake inapokea hewa huku damu haipiti. Nuckton alipima hewa hiyo inayopotea mwaka 2002: kila sehemu yake ilipoongezeka kwa 0.05, uwiano wa uwezekano wa kufa ulipanda kwa asilimia 45. Wodi nyingi hazikipimi kipimo hicho, basi lawama yote inaangukia hewa ukaa, ambayo ndiyo inayoonekana kwenye karatasi.

Ushahidi ninaourudia mara kwa mara ni wa Kregenow (2006). Alirudi kwenye takwimu za jaribio la ARMA la mwaka 2000, lile lililowapa wagonjwa 861 pumzi za mililita 6 au 12 kwa kilo, vifo vikawa asilimia 31.0 dhidi ya 39.8. Siku ya kwanza, waliokuwa na hewa ukaa juu na damu yenye asidi walikufa kidogo kuliko wenzao, lakini katika kundi la 12 tu. Kundi la 6 halikuonyesha tofauti. Hewa ukaa ingekuwa sumu kali, kundi la 12 lingeumia. Ingekuwa dawa, kama wanavyodai mashabiki wake, kundi la 6 nalo lingenufaika. Kinachopasua pafu ni ujazo, na 400 ni hatua kuelekea huko. Uchambuzi wa 2020 wa LUNG SAFE, utafiti wa wagonjwa wa ICU katika nchi nyingi, nao haukuona hewa ukaa ya juu ikiongeza vifo yenyewe. Iliyokaa chini mno ndiyo iliyoambatana na vifo zaidi kwa wenye ARDS isiyo kali sana.

Kabla ya kugusa ujazo, angalia mirija. Chujio la unyevu kati ya kiungo cha Y (mirija miwili ya mashine inapokutana) na mrija wa koo linaweza kubeba mililita 70. Kati ya 304, hiyo ni karibu robo ya pumzi, na kwa pumzi 30 kwa dakika ni lita 2.1 zinazoenda na kurudi bila kazi. Liondoe, weka kifaa cha kupasha maji joto. Usiviache vyote viwili, chujio litalowa na kuziba. Kama kifaa hicho hakipo, chujio libaki. Makohozi yakikauka mrija unaziba, na hapo 58 itakuwa shida ndogo.

Kisha ongeza idadi ya pumzi, huku jicho likiwa kwenye mchoro wa hewa inayotoka. Ukiona haujagusa sifuri na pumzi nyingine imeshaingia, hewa inajikusanya kifuani: presha ya damu inashuka na hewa ukaa haitikisiki. Ndivyo Vieillard-Baron alivyoona (2002) pumzi zilipotoka 15 hadi 30.

Kulaza kifudifudi kunafaa zaidi. Gattinoni (2003) aliona wale ambao hewa ukaa yao ilishuka baada ya kugeuzwa walipona zaidi, ilhali kupanda kwa oksijeni hakukutabiri lolote. Namba ileile, safari hii ikieleza kwamba pafu limefunguka.

Mgonjwa mwenye jeraha la kichwa na shinikizo la ubongo hayumo kwenye hesabu hii, wake ishushwe. Na ultrasaundi ikionyesha upande wa kulia wa moyo umetanuka, wenye wasiwasi wanashinda. Huyu wetu, moyo ukiwa mzuri na pH ikikaa 7.25 kwenda juu, abaki na 304 zake. Hata itifaki ya ARMA iliruhusu ujazo kupandishwa pale tu pH iliposhuka chini ya 7.15, na pumzi zilipokuwa zimeshafika 35.