Sikio la Baba Limegota

Jamani, nimepimwa masikio sebuleni kwangu na mtoto wa kidato cha pili. Kapakua programu kwenye simu yangu, kwa bando langu, kanivalisha hedfoni, kisha ananiambia, "Baba, ukiacha kusikia nyoosha mkono."

Tukaanzia 8,000. Hiyo ni mitetemo kwa sekunde, kanieleza polepole kama anaongea na mgonjwa. Nikasikia. 10,000 nikasikia, nikaanza na kutamba. Kwenye 12,000 kulikuwa na kitu kama kisindano kinachoma kwa mbali. Halafu kimya. Nikasubiri weee, nikamwambia, "Washa basi."

"Inalia, baba."

Nikasingizia hedfoni, maana ni za elfu tatu, za kutandazwa chini Kariakoo. Akazivaa yeye, akapanda hadi 17,000 huku amekunja uso. Mdogo wake wa miaka tisa akapokea, kufika 18,000 akazivua akilalamika zinamkera. Hedfoni zilezile!

Na mimi nilikuwa na masikio, msinione hivi. Utotoni tulikuwa tukienda kutazama TV kwa jirani, na yule mama akichoka na sisi anafunga mlango na kuzima sauti ili tudhani kalala. Thubutu! TV ya chogo ilikuwa na kamlio kake kembamba hata ikiwa bubu. Kila picha ilichorwa kwa mistari 625, mara picha 25 kila sekunde, piga hesabu: mlio wa 15,625. Nilikuwa nakasikia nikiwa barazani, nabisha hodi kwa uhakika. Leo nibebeshwe hiyo TV kichwani, nitajua ipo kwa uzito tu.

Mwanangu anasema ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo, na za sauti nyembamba zimekaa mwanzoni kabisa, mlangoni, kama kondakta wa daladala. Ndizo zinazochoka kwanza. Zikifa haziji nyingine. Akanitazama utosini, akanyamaza. Adabu anayo.

Kinachoniuma ni mgawanyo wenyewe. Nilichopoteza ni cha juu, na kero zangu zote zinaishi chini. Kigodoro cha mtaa wa pili nakisikia mpaka kwenye mbavu, saa tisa usiku. Mbu jike hupiga mabawa mara mia kadhaa tu kwa sekunde, mia tano hivi. Huyo nitamsikia mpaka nizikwe. Mwenye nyumba naye ana sauti nzito.

Basi nikataka kurudisha heshima. Jioni nikawasimulia kwamba Uingereza, mwaka 2005, walitengeneza kifaa cha kufukuza vijana wanaoganda nje ya maduka. Wakakiita Mosquito, yaani mbu. Kinalia 17,400 hivi, vijana kinawatesa, wazee wanapita wakinunua mkate. Kwa ujuaji wangu nikaongeza na lililofuata: vijana waliugeuza mlio ule kuwa wa simu, wakawa wanapokea meseji darasani mwalimu hana habari.

Watoto wakatazamana. Nilipaswa kuishia kwenye mkate.

Jana tunakula ugali na dagaa, kimya, simu zote ziko juu ya kabati kama nilivyoamuru. Ghafla mkubwa kageuza shingo. Mdogo kageuza. Paka chini ya meza kasimamisha masikio. Wote watatu wanaangalia kabati.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hamna kitu, baba. Kula."