Mwacheni bibi ainuke mwenyewe

Goti la bibi likianza kugoma, nyumba nzima humhurumia. Wajukuu wanamletea maji, sahani inamfuata barazani, sokoni haendi tena. "Bibi, wewe tulia tu." Huruma hiyo ni ya kweli kabisa, na naamini inawadhoofisha wazee wengi kuliko goti lenyewe.

Tukisema goti limesagika, maana yake gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, limelika, mfupa umeota pembeni na pengine goti linajaa maji. Maumivu na maji hayo huizuia misuli ya mbele ya paja isikaze sawasawa, hata mgonjwa akijitahidi. Paja linakonda. Likishakonda goti limekosa mlinzi, kila hatua inauma zaidi, naye anazidi kukaa. Usiku maumivu yanamkatisha usingizi, asubuhi anaamka amechoka. Na kuna lisilosemwa: wapo wanaojinyima maji ya kunywa kwa sababu kuchuchumaa chooni ni mateso. Kinachofuata ni choo kigumu, kizunguzungu, kuanguka.

Kudhoofika huku si uzee wa kawaida. Mwaka 2001 Linda Fried, daktari wa wazee wa Marekani, na wenzake waliipangia hali hii dalili tano: uzito kupungua bila kukusudia, zaidi ya kilo 4.5 kwa mwaka, uchovu, kiganja kukosa nguvu, mwendo wa polepole, na kutojishughulisha. Mwenye tatu au zaidi amedhoofika, mwenye moja au mbili yuko njiani. Penye goti bovu ni rahisi kupotea, kwa kuwa mwendo wa polepole na kukaa sana tunavitwika goti. Basi tazama mkono. Goti halimzuii mtu kukamua nguo wala kufungua kifuniko cha chupa. Ikiwa vidole haviumi na bado anashindwa, kilichopungua ni nguvu za mwili mzima.

Kipimo cha nyumbani ni kiti. Chukua kiti imara chenye kimo cha sm 43 hivi, kiegemeze ukutani kisiteleze, mzee akunje mikono kifuani, asimame wima na kuketi mara tano huku ukihesabu sekunde, nawe ukiwa karibu naye. Zikipita 15, au akishindwa kumaliza, miguu imepungukiwa nguvu. Kwangu mimi jibu hilo lina uzito kuliko picha ya eksirei, maana wapo ambao goti lao limechakaa kwenye picha na wanatembea vizuri tu.

Kiti hichohicho ndicho tiba. Aliyeshindwa aongezewe mto mgumu wa kukalia, kwani kiti kikiwa juu goti hukunjika kidogo. Avute miguu nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele, asimame huku akitoa pumzi, kisha ashuke polepole kwa kuhesabu hadi tatu. Mara 8 hadi 10, apumzike, arudie mizunguko miwili au mitatu, siku tatu kwa wiki. Wengi hukosea pale pa kushuka: wanajibwaga, na paja halifanyi kazi yoyote. Wengine huacha wiki ya pili wakiona hakuna kilichobadilika, ilhali nguvu huonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Yakizidi 5 kwa kipimo cha 0 hadi 10, au goti likiwa limevimba kesho yake, punguza idadi, usiache. Goti lililo jekundu na la moto, tena lenye homa, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.

Mazoezi bila chakula hayajengi paja. Mzee anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60, gramu 60 hadi 72. Chai ya rangi na mkate, kisha ugali kwa mchuzi, haifiki hapo. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kipande cha samaki cha gramu 100 zaidi ya 20. Kipande hicho apewe yeye, asiachiwe mchuzi peke yake. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza. Na ushauri wa "punguza uzito" usitolewe ovyo. Kweli, kilo moja ikipungua, goti hupunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua, lakini mnene anayejinyima chakula bila mazoezi hupoteza na misuli pia. Aliyekwisha kukonda bila sababu asifunge mlo hata kidogo, achunguzwe.

Diklofenaki, dawa ya maumivu, ya kumeza kila siku kutoka duka la dawa inanitia hofu zaidi: huweza kutoboa tumbo, hupandisha presha, na ikikutana na vidonge vya presha na vya kutoa maji huumiza figo. Ya kupaka ianze. Prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, humfanya mzee ajisikie mwepesi kwa siku chache, ila akiendelea nayo huyayusha misuli ileile ya paja tunayoitafuta.

Mkongojo ushikwe mkono wa upande wa goti zima, mpini ufike usawa wa kifundo cha mkono. Chooni wekeni kiti chenye tundu, chuma cha kushikia na taa. Mtungi wa maji uwe hatua chache kutoka anapoketi, naye auendee mwenyewe.